Msoma Saa katika Barabara ya Busia

Kosa ninalokusudia kulifichua katika sura hii ni la abiria. Tumezoea kumhukumu aliyeshika usukani, kwa sababu mikono yake inaonekana. Anayeketi kando yake, ambaye kwa kicheko, kwa mguno au kwa neno moja lililopimwa humfanya mwenzake akanyage mafuta, hushuka garini, akajipangusa vumbi, akaenda nyumbani kula. Mimi nilikuwa abiria wa namna hiyo kwa msimu mzima wa pamba, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, na kwa siku kumi na tisa baada ya ajali niliwaacha watu waamini kwamba nilikuwa nimekaa tu.

Othieno, aliyekuwa akiendesha, tulimzika Mulanda mwezi uliopita. Alikuwa dereva wa malori kwa takriban miaka thelathini, na waombolezaji walisimama mmoja baada ya mwingine kuusifu uangalifu wake: jinsi alivyopunguza mwendo mbele ya kila soko, jinsi alivyokataa kuondoka kituoni mpaka mvua ipungue, jinsi ambavyo hakuna mama aliyewahi kumlilia mtoto kwa sababu yake. Mchungaji, kijana mwenye sauti nzuri, alisema marehemu alizaliwa na hekima hiyo. Nilikuwa nimeketi safu ya pili, mwenye mvi na suti ya heshima, na nusura nisimame kumkatiza. Othieno hakuzaliwa nayo. Aliipata katika mwaka wa 1965, kwa njia ngumu, na sehemu kubwa ya ugumu huo niliuleta mimi. Sikusimama, kwa kuwa mazishi si mahali pa mtu mwingine kujisafisha. Lakini nilipofika nyumbani nilitoa karatasi, na sitaiweka kalamu chini kabla sijamaliza.

Mwaka ule tuliishi watatu katika chumba kimoja mjini Tororo, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Kilikuwa na kitanda kimoja, ambacho tulikilalia kwa zamu, mikeka miwili, jiko la mkaa, na dirisha lisilofungika, ambalo kila asubuhi lilituachia unga mwembamba wa kiwanda cha saruji juu ya sahani na vitabu vyangu. Kazi zetu zilikuwa katika kinu cha pamba. Mimi niliandika lebo za marobota. Ekisa, Mteso mwenye mabega mapana na mdomo usiojua likizo, alishona magunia. Na Othieno aliendesha pikapu ya mjomba wake, Mzee Opendi, akikusanya pamba kutoka Mulanda na Sop Sop. Jioni tulikula ugali wa wimbi na mihogo, na kunde zilizoungwa kwa karanga za kusaga, tukizunguka sufuria moja. Othieno alikuwa na desturi ya kutuachia ukoko, ambao sote tuliupenda, na wala hatukumuuliza kama yeye pia aliupenda. Nalikumbuka jambo hilo dogo kwa uchungu kuliko mambo mengi makubwa. Mtu aliyekuwa radhi kuutoa ukoko ili rafiki zake wafurahi angeweza kutoa lolote, nasi tulilijua hilo kabla yeye mwenyewe hajalijua.

Ukuta uliotutenga na fundi ulikuwa wa udongo mwembamba, na maneno yalipita kama hewa. Jioni moja, Ekisa akiwa nje anaosha sufuria huku akiimba, nilimsikia fundi akimwambia mkewe, "Hawa vijana na hiyo gari, siku moja italeta maiti hapa kwa mlango." Mkewe akajibu, "Si huyu naimba. Huyu iko na kelele tu. Mimi naogopa ile nyembamba, ya saa. Ile hasemi kitu, lakini angalia vile yule mwingine namwangalia." Mwembamba wa saa nilikuwa mimi. Nilijivunia maneno yale. Nilijilaza mkekani nikayarudia moyoni kana kwamba nimepewa cheti.

Saa yenyewe ilikuwa ya mkono, yenye mkanda wa ngozi, nami nilikuwa nimezawadiwa kwa kufaulu mtihani. Hakuna mwingine chumbani aliyekuwa na saa. Kila Jumamosi Othieno alipewa ruhusa ya kwenda Busia kumchukulia mjomba wake samaki wakavu upande wa Kenya, na sisi wawili tulimsindikiza, mimi nikirudi kwetu, upande huo huo, nao wakilala huko hadi Jumapili. Kizuizi cha mpaka kilifungwa saa kumi na mbili jioni. Kazi iliisha saa tisa, na mtu mwenye akili angeondoka saa tisa na robo, akafika kwa raha, akanywa chai. Kwa majuma ya mwanzo tulifanya hivyo. Kisha Jumamosi moja tulicheleweshwa na gurudumu, tukakimbia, tukapita chini ya mti wa kizuizi huku askari akiwa tayari ameishika kamba yake, na Ekisa akatoa kichwa dirishani akapiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi. Tangu siku hiyo tuliacha kuondoka saa tisa. Tulijichelewesha kwa makusudi. Tulikaa chumbani tumevaa mashati ya kutokea, tukicheza karata, mpaka saa yangu iseme saa kumi na moja na robo, ndipo tukaruka garini. Hakuna aliyetulazimisha, tulijitengenezea dharura ili tupate raha ya kuponea chupuchupu.

Katika kiti kimoja kirefu Othieno alishika usukani, mimi nilikaa katikati, Ekisa mlangoni. Kazi ya Ekisa ilikuwa kejeli. "Omera," angemwambia, yaani ndugu yangu, "ng'ombe ya Sop Sop itatupita hapa, na iko natafuna!" Au, "Kama umebeba maiti nyuma, tuambie, tuvue kofia." Othieno alicheka, akaongeza kidogo, akapunguza tena. Kejeli za Ekisa zilimwingia na kumtoka. Kazi yangu ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimejichagulia vituo vitatu njiani, daraja, kanisa la matofali, na banda la kununulia pamba kabla ya Busia, na katika kila kituo nilisoma dakika kwa sauti tulivu, kama karani.

"Wandera, iko ngapi?" Othieno angeuliza.

"Na dakika thelathini na sita."

"Juma iliyopita, hapa?"

"Thelathini na nne."

Nilisikia tu injini ikibadilisha sauti chini ya miguu yetu. Hapo ndipo nilipokuwa nikiitafuta raha yangu: si katika mbio, kwa maana kwa kweli niliziogopa, bali katika kuona kwamba neno langu dogo, lisilo na lawama ndani yake, lilikuwa na nguvu ya kukisukuma chuma. Tena nilikuwa nimeanza kudanganya. Mara ya kwanza niliongeza dakika moja tu juu ya zile za kweli, kujaribu, na gari likaruka. Baadaye nikaongeza mbili. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuuona uso wa saa.

Nami nilijua vizuri jinsi Othieno alivyoendesha bila sisi. Asubuhi moja ya Jumatano nilikuwa nimetumwa barua, nikakaa kando ya barabara ya Mulanda kufunga viatu, na pikapu ikanipita, Othieno akiwa peke yake, hakuniona. Alikuwa akienda polepole, kiwiko dirishani. Mbele yake kuku na vifaranga walivuka, naye akasimama kabisa, akangoja kifaranga wa mwisho, aliyekuwa mzembe, apande ukingo. Kisha akaondoka. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile kuhusu tabia za vijana, na hakuna ukurasa ulionifundisha zaidi ya kifaranga yule. Dereva wa Jumatano na dereva wa Jumamosi walikuwa na mikono ile ile, macho yale yale na leseni ile ile. Tofauti yao ilikuwa sisi.

Jumamosi ya ajali ilikuwa katika mwezi wa Januari, pamba ikiwa imeiva na barabara ikiwa kavu kama unga. Baada ya kanisa la matofali tulilikuta basi mbele yetu, likitimua vumbi jekundu lililofunga njia yote kama pazia. Othieno aliondoa mguu kwenye mafuta. Nakumbuka bayana kwamba aliuondoa, kwa kuwa tulisogea mbele sote watatu. "Sioni kitu," alisema. "Tungoje hii basi iende."

Ekisa, kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, hakuwa na mzaha. "Ndiyo, tungoje," alisema, akikohoa.

"Wandera, imebaki ngapi?"

Niliinua mkono. Saa ilionyesha kwamba zimebaki dakika kumi na nne kabla ya kizuizi kufungwa, na banda la pamba tulikuwa karibu kulifikia. Tungeweza kulifuata basi lile kwa mwendo wa mazishi na bado tukafika. Nikasema, "Tisa."

Akatoka upande wa kulia, akaingia vumbini. Tulilipita basi. Na mahali vumbi lilipokwisha palikuwa na mtu juu ya baiskeli, akivuka barabara kuelekea bandani, amefunga gunia la pamba nyuma yake, kubwa kuliko yeye. Othieno aliukata usukani kwa nguvu zake zote, na kwa sababu hiyo yule mtu hakufa. Lakini bampa lililikamata gurudumu la nyuma. Nilichokiona baada ya hapo kilikuwa weupe. Gunia lilipasuka na pamba ikatapakaa juu ya udongo mwekundu, ikaning'inia kwenye majani, ikatua kwenye boneti ya gari, na katikati yake mzee mmoja ameketi, akiutazama mguu wake uliopinda pasipo na goti. Hakulia. Alisema tu, "Pamba yangu. Kusanyeni pamba yangu." Ekisa alianza kuiokota kwa mikono miwili, akilia yeye.

Aliitwa Sanya, mkulima wa Buhehe. Tulimgeuzia gari, tukampeleka hospitali mjini Tororo. Askari alikuja, akaandika maelezo, akasema shauri lingengojea mguu, kama utapona au utakatwa, na kama ukoo wa mgonjwa utataka kulifikisha mbele. Aliponigeukia mimi nilisema, "Nilikuwa nimekaa tu, afande." Mzee Opendi naye alipokuja kutoka Mulanda, amevaa koti lake jeusi, aliniuliza kwa hasira kama nilimwambia mpwa wake aende mbio. Nilimtazama machoni nikajibu, "Hapana, mzee. Sikumwambia aende mbio hata siku moja." Kila neno lilikuwa la kweli. Othieno alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Aliyasikia, akainamisha kichwa, akasema, "Ni mimi nilishika usukani." Alidhani saa ilisema kweli. Alidhani kweli zilibaki dakika tisa, na kwamba ujinga wote ulikuwa wake.

Siku zilizofuata mjomba alimnyang'anya ufunguo na leseni, akatangaza kwamba hatagusa gari maishani, na kwamba ukoo wa Sanya ukimtaka gerezani, yeye hatamzuia. Othieno alirudi chumbani, akala kidogo, akalala akiutazama ukuta. Hakujua kazi nyingine wala hakuipenda nyingine. Ekisa alinyamaza mpaka fundi akagonga ukuta kuuliza kama tuko hai. Nami nilianza kwenda hospitali kila jioni nikipeleka mkate na ndizi mbivu, nikidhani kwamba ndivyo mtu mwema afanyavyo.

Siku ya saba hivi nilimkuta msichana wa rika letu ameketi kando ya kitanda, akipoza uji kwa kuumimina kutoka bakuli hadi bakuli. Alikuwa binti wa Sanya. Mgonjwa alikuwa amelala, mguu umefungwa kwa plasta na kuinuliwa kwa kamba.

"Wewe ndiye dereva?" aliniuliza.

"Hapana. Mimi nilikuwa nimekaa tu."

"Umekaa wapi?"

"Katikati."

"Karibu na yeye."

"Ndiyo."

Aliendelea kumimina uji. "Mimi nakaa nyuma ya baiskeli ya baba kila siku ya soko," alisema. "Nikiinama kushoto, baiskeli inakwenda kushoto. Baba hata hageuki, anasema tu, 'We mtoto, kaa sawa, wewe ndiye unaendesha.' Sasa nakuuliza. Siku hiyo wewe ulikaa namna gani?"

Askari hakuniuliza hivyo, wala mjomba, wala mchungaji aliyekuja kutuombea. Niliweka ndizi mezani, nikaondoka bila kuaga. Kwa siku kumi nilikwenda na kurudi, nikimkuta pale, na hakunirudia swali. Alinisalimu, akapokea mkate, akaendelea na kazi zake. Siku ya kumi na nane nilisimama upande wa pili wa kitanda nikamwambia kuhusu saa: dakika kumi na nne zilizokuwapo na tisa nilizotaja, na zile moja moja na mbili mbili za majuma ya nyuma. Nilitarajia anilaani, au anisamehe. Nafsi yangu, nakiri, ilikuwa imejiandaa zaidi kwa msamaha.

"Hiyo usiambie mimi," alisema. "Kesho wazee wanakaa kwa baba mkubwa, Buhehe. Huyo mwenye gari anamleta mwenzako. Waambie hao."

"Sijaalikwa. Hata njia siijui."

"Mimi naijua."

Kesho yake tulishuka kwenye basi karibu na banda la pamba, tukaingia njia ya miguu kati ya mashamba, yeye mbele na kikapu kichwani, mimi nyuma. Ni njiani hapo ndipo nilipomuuliza jina lake, nikaona haya kwamba sikuwa nimemuuliza kabla. Tulipofika kwenye kijito, nilikataa kuvuka. Nilimwambia kwamba maneno yangu hayangeurudisha mguu wa baba yake, kwamba Ekisa alikuwa amesema zaidi yangu, kwamba kinu kingenifukuza. Nilikuwa hodari wa hoja hata wakati ule. Alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Rudi basi," alisema. "Mimi sijakushika mkono."

Akavuka maji, akaendelea kutembea, hakutazama nyuma. Nilisimama nikihesabu hatua zake, kisha nikavua viatu nikamfuata. Nilipomfikia alisema jambo moja tu: "Wakikuuliza nani alikuleta, sema. Usianze kuficha tena, hata kidogo."

"Watakukasirikia. Unamsaidia mtu wa upande mwingine."

"Watanikasirikia mimi. Wewe jibu tu."

Baba mkubwa aliitwa Mzee Barasa, mtu mrefu aliyesema polepole. Wanaume wapatao kumi walikuwa sebuleni kwake, kwenye viti na vigoda, na Othieno amesimama katikati, mikono nyuma. Mzee Opendi alikuwa akisema, "Huyu nimemtoa. Fanyeni naye kama mnavyopenda. Mtoto wa namna hii, hata serikali itanishukuru." Binti wa Sanya alizunguka kwenda jikoni. Mimi nilibisha hodi mlangoni, na kabla ya kukaribishwa nikaingia, jambo ambalo sijalifanya tena maishani.

Niliyasema yote, kwa Kiswahili kilichoninyookea kuliko nilivyostahili. Nilisema kwamba Othieno aliondoa mguu kwenye mafuta, kwamba alitaka kungoja, kwamba aliniuliza muda kwa kuniamini nami nikamdanganya. Nilipotaja dakika tano nilizoziiba, Othieno alinigeukia polepole. Sijaweza kuuelezea uso wake kwa miaka yote hii, na sitajaribu sasa. "Tano?" aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa. "Ndugu yangu, tulikuwa na tano?"

"Tulikuwa nazo."

Mzee Opendi aliinuka akitaka kunipiga, wawili walimshika. Mjadala ulidumu hadi jua likapinda. Hatimaye Mzee Barasa alisema kwamba ndugu yake alikuwa ameagiza kutoka kitandani kuwa pamba yake isiozee shambani, na kwamba mtoto mmoja gerezani hawezi kuchuma pamba. Tutaichuma sisi, watatu wa kiti kile, kila Jumamosi na Jumapili mpaka iishe. Kisha tung'oe miti yake, tuichome, tulime na kupanda wimbi wa mwaka huo. Ukoo hautalisukuma shauri. Na wimbi ukishaota, mjomba amrudishie kijana ufunguo, lakini kwa mwaka mzima asipande mtu karibu naye. Mzee Opendi alibisha, akahesabu vichwa vilivyokuwa vikimtazama, akakubali. Othieno alikaa chini palepale sakafuni, kama mtu aliyeshushwa mzigo, akafunika uso kwa mikono.

Watu walikuwa wakisimama, na wanawake wameanza kuleta maji ya kunawa, Mzee Barasa aliponyosha kidole kwangu. "Na wewe, kijana wa Kenya. Hapa kwangu hakuna barabara wala kibao. Hukuitwa, na mtu wa kwenu hakukutuma. Nani amekuleta mpaka ndani ya baraza la ukoo wangu?"

Binti wa Sanya alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi, mgongo umenyooka, akinitazama bila kupepesa. Jibu la kumkinga lilikuwa limekwisha kuja mdomoni mwangu, rahisi na lenye sura ya wema: kwamba niliuliza njia bandani. Nililimeza, nikamjibu mzee kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Nafula."